Mshono Umeharibika: Tafuta Chanzo kwenye Mkao, Mwelekeo wa Mkono na Aina ya Kiungo

Mshono wa kuchomelea chuma ukitoka vibaya, mafundi wengi hukimbilia kupandisha au kushusha ampea, yaani kiasi cha umeme unaotoka kwenye mashine. Mara nyingi ampea hazina kosa. Chuma kilichoyeyuka ni kimiminika, kinafuata mteremko kama kimiminika kingine chochote, na slagi (uchafu wa kioo unaotokana na ganda la kijiti cha kuchomelea) inayoelea juu yake ni nyepesi zaidi, na inaweza kutiririka ikakitangulia chuma chenyewe. Moto uleule na kijiti kilekile vitatoa mshono safi kazi ikiwa imelala mezani, halafu vitoe takataka kazi hiyohiyo ikisimamishwa ukutani.

Kabla ya kubadili chochote, gonga slagi yote, piga brashi ya waya, uangalie kasoro imekaa wapi. Ikiwa upande mmoja tu wa mshono, shaka ya kwanza ni pembe ya kijiti au mkao wa kazi. Ikiwa pande zote mbili kwa kiasi kilekile, ni moto, urefu wa tao (cheche ya umeme kati ya ncha ya kijiti na kazi) au kasi ya mkono. Ikiwa mwanzoni na mwishoni tu, ni namna unavyowasha na kuzima tao, au sumaku. Ikiwa imetapakaa bila mpangilio, ni uchafu, unyevu au upepo. Kwa utaratibu huu tu utakuwa umeondoa nusu ya sababu kabla hujaigusa mashine.

Maelezo yafuatayo ni ya kuchomelea kwa vijiti vya elektrodi kwenye chuma cha kawaida: mageti, grili, stendi za matangi, tela na fremu za paa.

## Vipimo vya kuanzia

Kwa kijiti cha E6013, ambacho ndicho kinachouzwa zaidi madukani, anza na ampea 60 hadi 90 kwa unene wa mm 2.5, ampea 90 hadi 130 kwa mm 3.2, na ampea 130 hadi 180 kwa mm 4.0. Kama boksi linasema vingine, fuata boksi. Urefu wa tao usizidi unene wa waya wa ndani wa kijiti. Kichwa cha holda, yaani kishikio cha kijiti, kiinamie upande unakoelekea kwa nyuzi 5 hadi 15, ili ncha ya kijiti itazame nyuma, kwenye dimbwi la chuma kilichoyeyuka.

Soma pia namba ya kijiti. Kwenye E6013 na E7018, tarakimu ya tatu ni 1, maana yake kinafaa mikao yote. Kwenye E7024 ni 2: kinafaa kazi iliyolala na mshono wa pembe wa mlalo tu. Fundi anayejaribu kupanda nacho ukutani ataona chuma kinadondoka, na hakuna ampea itakayomsaidia.

Mikao yenyewe ina namba ambazo utazikuta kwenye michoro na vyeti. 1 ni kazi iliyolala, 2 ni mlalo, 3 ni wima, 4 ni juu ya kichwa. Herufi F ni mshono wa pembe, ule unaokaa kwenye kona ya vipande viwili. G ni mshono unaojaza nafasi kati ya kingo mbili. Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi: kiungo cha T kilichosimama mezani, bamba moja limelala na jingine limesimama, ni 2F, si 1F. Ili kiwe 1F lazima ukiinamishe nyuzi 45 hadi kona iwe kama V inayotazama juu. Kama kazi inageuzika, igeuze. Dakika mbili za kuiegemeza kwenye kipande cha engo zinaondoa kasoro ambazo ungezisaga kwa grenda nusu saa.

Tao likiwa legelege na kijiti kinanata ingawa mashine inaonyesha ampea 120, kagua umeme unaoifikia. Waya wa kurefushia wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 40, unapoteza takriban volti 20 njiani mashine ikivuta ampea 20. Kagua na klampu ya ethi, ile inayobana kazi ili kurudisha umeme kwenye mashine: ikiwa imebana juu ya rangi au kutu, isugue sehemu hiyo hadi chuma kiwe cheupe.

## Mfereji kando ya mshono

Huu ni ule mtaro mwembamba unaochimbika kwenye bamba, pembeni kabisa mwa mshono. Pitisha ukucha kutoka kwenye bamba kuelekea mshono. Ukikwama kabla ya kupanda, mfereji upo. Kiwango cha AWS D1.1 cha ujenzi wa chuma, cha chama cha uchomeleaji cha Marekani, kwa bamba jembamba kuliko mm 25, kwa kawaida hakiruhusu kina kizidi mm 1. Kwenye skwea paipu ya mm 1.5 hata nusu ya kina hicho ni nyingi mno, kwa sababu umeshaondoa theluthi ya ukuta wa paipu, tena mahali penye mkazo mkubwa kuliko pengine pote.

Chukua kiungo cha T cha bamba la mm 6 katika mkao wa 2F. Mfereji ukionekana kwenye bamba lililosimama tu, huku chuma kikiwa kimejaa kwenye bamba la chini, kilichotokea ni hiki: tao limechimba bamba lililosimama, na chuma kilichotakiwa kujaza shimo hilo kikateremka chini. Sababu huwa tatu. Holda imeshushwa mno hadi kijiti kinalipiga bamba la juu moja kwa moja, na hapo dawa ni kuirudisha kwenye nyuzi 45 kati ya mabamba mawili. Au tao ni refu, basi lifupishe. Au umetaka mshono mkubwa kwa pasi moja, yaani kwa kupita mara moja tu. Katika mlalo, mguu wa pasi moja (urefu wake kutoka konani kwenye kila bamba) usizidi mm 8, na kwa kijiti cha mm 3.2 ni afadhali ubaki kwenye 5 au 6. Ukihitaji zaidi, piga pasi tatu: ya kwanza konani kabisa, ya pili upande wa chini ikifunika theluthi mbili ya ile ya kwanza, ya tatu juu, ikiegemea ya pili.

Mabamba yakitofautiana unene, elekeza tao zaidi kwenye lile nene. Lile jembamba litapata joto lake bila kusaidiwa.

Mfereji ukiwa pande zote mbili katika mkao wa wima, karibu kila mara ni mkono unaoyumba kulia na kushoto bila kutulia. Vuka katikati upesi, tulia kingoni kidogo hadi uone chuma kimejaza, ndipo uvuke tena. Ukiwa pande zote mbili katika kazi iliyolala, punguza ampea 10 na upunguze kasi.

Kurekebisha: saga hadi mfereji uwe safi bila slagi, kisha piga pasi nyembamba kwa kijiti cha mm 2.5. Kupaka rangi juu yake si kurekebisha.

## Mshono umelala juu bila kushika

Unaonekana mnene, wa duara, ukingo wake umekunjika na kulala juu ya bamba. Wanunuzi wengi huupenda kwa sababu unaonekana umejaa. Lakini chuma cha chini hakikuyeyuka. Chuma cha kijiti kimemwagwa juu yake tu. Katika 2F hutokea kwenye bamba la chini, na katika 2G, yaani kingo mbili zikiunganishwa kwa mlalo ukutani, hutokea kwenye ukingo wa chini. Mwendo ni wa polepole mno au moto ni mdogo. Ongeza ampea 10 hadi 15 na uharakishe mkono. Katika 2G acha kabisa kuyumbisha kijiti: panga mishono membamba iliyonyooka, mmoja juu ya mwingine, ukianzia chini.

## Slagi imenaswa ndani

Kasoro hii inahusu mwelekeo kuliko kitu kingine. Kijiti kinachotoa slagi lazima kivutwe, si kusukumwa. Ncha ikitazama nyuma, nguvu ya tao inairudisha slagi juu ya chuma kilichokwisha kukaa. Ncha ikitazama mbele, slagi inatangulia, chuma kinamwagika juu yake, na unabaki na mstari mweusi wa kioo katikati ya mshono. Waya wa mashine wenye fluksi (dawa inayotoa slagi) ndani hufuata kanuni hiyohiyo. Waya mtupu unaotumia gesi hauna slagi ya kuogopa, kwa hiyo unaweza kuusukuma, na mshono utatoka bapa zaidi ingawa upenyaji unapungua.

Mwelekeo sahihi nao unaweza kuharibiwa na sakafu. Kazi nyingi za saiti hazikai sawa: fremu imelazwa juu ya matofali, upande mmoja uko chini kidogo. Ukianzia upande wa juu, slagi inateremka na kukupita hata kama pembe ya kijiti ni sahihi. Anzia chini, uchomelee ukipanda. Dalili ya kuangalia ndani ya barakoa ni ukingo wa dimbwi nyuma ya tao. Ukiuona wazi, endelea. Ukipotea kwa sababu kuna kitu kinachoelea hadi chini ya ncha, fupisha tao na uinamishe holda zaidi. Ikishindikana, zima, gonga, safisha, anza upya.

Kwenye mshono wa pasi nyingi, slagi hujificha pengine. Pasi ya kwanza ikiwa na mgongo, kingoni hubaki vijia viwili vyembamba ambavyo nyundo haifiki. Pasi ya pili haiviyeyushi, inavifunika. Usitegemee brashi hapo. Pitisha diski nyembamba ya grenda hadi mgongo ulale na uone chuma kinachong'aa kotekote.

## Wima: chuma kinaning'inia au kinadondoka

Swali la kwanza ni kama unapanda au unashuka. Kushuka ni haraka na mshono hutoka laini, ndiyo maana wengi hukupenda. Lakini upenyaji wake ni mdogo. Kunafaa chuma chembamba, hadi karibu mm 3, ambako kupenya sana ndiko kunakoharibu. Bamba nene na kiungo chochote kinachobeba mzigo, panda. Bawaba za geti zito na miguu ya stendi ya tangi ni viungo vya aina hiyo. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja ya maji juu ya mishono hiyo, na chini yake watu wanapita. E7018 isishushwe kabisa. Yenye uwezo huo katika jamii yake ni E7048, ambayo tarakimu ya tatu ni 4.

Ukipanda na chuma kikatengeneza tumbo katikati, moto umezidi au unakaa mno katikati. Punguza ampea kwa asilimia 10 hadi 15 kutoka zile za kazi iliyolala. Ncha ya kijiti itazame juu kidogo, nyuzi 5 hadi 10, wala isitazame chini. Jenga kwanza kirafu kidogo cha chuma chini kabisa, kiache kigande, kisha kila hatua ikae juu ya ile iliyotangulia. Matone yakianza kuanguka kama zabibu, usiendelee kwa matumaini. Zima, subiri wekundu uishe, saga tumbo.

Ukishuka na slagi ikakupita, umechelewa. Ncha itazame juu nyuzi 15 hadi 30, tao liwe fupi karibu na kugusa, mkono uende upesi kiasi cha kulitangulia dimbwi. Ikiwa kasi hiyo inaacha mshono mwembamba mno, basi chuma hicho ni kinene kwa kushuka. Panda.

## Juu ya kichwa

Kanuni zilezile, zikiwa kali zaidi. Kijiti kisizidi mm 3.2, tao fupi kabisa, mishono membamba iliyonyooka bila kuyumba. Chuma kikining'inia kama matone ya mshumaa, tao ni refu au dimbwi ni kubwa. Funga kola, vaa kofia na glavu ndefu za ngozi, na usisimame moja kwa moja chini ya dimbwi.

## Ncha kwa ncha: umepenya nusu tu

Geuza kazi uangalie nyuma. Kama bado unaona mstari wa mabamba mawili yaliyokutana, mshono umeshika juu tu. Chanzo kwa kawaida ni maandalizi, na hakuna ujuzi wa mkono unaoweza kufidia maandalizi yaliyokosekana.

Bamba hadi mm 3 linaweza kuunganishwa bila kukata kingo, ukiacha nafasi ya karibu nusu ya unene wake. Kati ya mm 3 na 5, acha nafasi na uchomelee pande zote mbili. Kuanzia mm 6, kata kila ukingo kwa mshazari wa nyuzi 30, ili zikikutana iwe V ya nyuzi 60. Acha chini ukingo usiokatwa wa mm 1 hadi 2, na nafasi ya mm 2 hadi 3. Kijiti cha mm 2.5 kilichovuliwa fluksi ni kipimo kizuri cha nafasi hiyo. Shikiza kwa mishono midogo mwanzo, mwisho na katikati, kisha pima tena, kwani kila kishikizo kikipoa huivuta nafasi ijifunge. Wengi huanza na nafasi nzuri na kuchomelea ikiwa imeshafungwa.

Kiungo cha kupandana hakihitaji kukatwa, lakini kinahitaji upana. Vipande vipandane angalau mara tano ya unene wa kile chembamba, na isiwe chini ya mm 25. Ukingo wa bamba la juu ukiyeyuka na kuliwa, peleka tao kwenye bamba la chini na uache dimbwi lenyewe liuguse ukingo wa juu.

## Skwea paipu inatoboka

Paipu ya mm 1.2 au 1.5 haivumilii kijiti cha mm 3.2. Tumia mm 2.0 au 2.5, ampea 45 hadi 65. Kama mashine ni ya DC (umeme wa mkondo mnyoofu, wenye chanya na hasi), jaribu kuweka holda kwenye hasi kwa E6013: joto nyingi hubaki kwenye kijiti na bamba hupona. Kisha kagua kiungo chenyewe. Paipu iliyokatwa vibaya ikaacha uwazi wa mm 3 itatoboka kwa yeyote, kwa sababu tao linapiga kingo mbili nyembamba zisizo na mahali pa kupelekea joto. Kata upya, au ziba kwa kipande. Usijaze uwazi kwa vijiti. Chomelea vipande vifupi vya mm 20 hadi 30, ruka upande wa pili, rudi. Pembe za wima za fremu, shuka.

## Vitundu

Vikitapakaa kotekote, ni rangi, mafuta, kutu au kijiti chenye unyevu. E7018 iliyokaa nje ya boksi inahitaji oveni ya nyuzi joto 300 hadi 350 kwa saa moja hadi mbili. Kuianika juani hakutoshi. Vikiwa mwanzoni tu, tao lilikuwa refu wakati wa kuwasha: washa mbele kidogo ya unapotaka kuanzia, rudi nyuma, ndipo usonge, ili mshono upite juu ya mahali ulipowashia.

Kwenye chuma chenye zinki, saga zinki mm 25 kila upande hadi chuma kitokee. Zinki huchemka kwa nyuzi joto 907 na chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo hugeuka moshi kabla mshono haujakaa. Moshi huo mweupe husababisha homa na kutetemeka saa chache baadaye. Fanyia kazi nje, upepo ukipita kutoka ubavuni.

## Tao linapeperuka

Likivutwa upande mmoja karibu na mwisho wa bamba au ndani ya kona, na mashine ni ya DC, ni sumaku. Hamisha klampu ya ethi upande mwingine, fupisha tao, punguza ampea. Ikiwezekana, tumia AC, yaani umeme wa mkondo geu.

## Fremu imepinda

Mshono ukipoa husinyaa na kuvuta kuelekea upande ulipo. Kiungo cha T kilichochomelewa upande mmoja huinamia upande huo. Kitangulize nyuzi 2 au 3 upande wa pili kabla ya kushikiza. Kwa fremu ya geti, shikiza pembe zote nne, pima mishazari miwili, zikitofautiana gonga hadi zilingane, kisha ndipo uchomelee. Usimalize pembe moja yote. Piga mshono mmoja pembe hii, mwingine pembe inayoitazama kwa mshazari, na katika kila pembe anza na mishono ya nje kabla ya ile ya juu. Mshono mrefu uvunje vipande vya mm 50 hadi 75, kila kipande ukikichomelea kwa kurudi nyuma, kinyume na unakoelekea kwa jumla.

## Kuthibitisha

Chomelea kipande cha majaribio katika mkao uleule wa kazi: mabamba mawili ya mm 6, kiungo cha T, mshono upande mmoja tu, urefu mm 100. Kikipoa, kibane kwenye jiliwa na ulipige bamba lililosimama kwa nyundo nzito kutoka upande usio na mshono, ili lilalie mshono na kona ya ndani ifunguke. Likilala bapa bila kuvunjika, mshono ni mzuri. Ukivunjika, soma uso wa mvunjiko. Chembechembe za kijivu kotekote, hadi konani, ni chuma kilichoshikana ila kikazidiwa nguvu. Mstari laini konani, ukionyesha bado ukingo wa bamba ulivyokatwa, ni mshono usiofika ndani: ongeza moto au fupisha tao. Mistari myeusi inayong'aa ni slagi, rudi kwenye pembe na mwelekeo. Mshono ukibanduka mzima na kuacha bamba moja likiwa safi, bamba hilo halikuyeyuka kabisa, na kazi yote iliyochomelewa kwa mpangilio huo isagwe na kurudiwa.